Kidole Kifupi cha Bwana Weatherby

Kapkatet,
20 Januari 2025

Kwa Aron Kipyegon, mtoto wa marehemu ndugu yangu,

Chamgei. Mimi senge yako ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo limestaafu miaka kumi na mitatu baada yangu na halina pensheni. Jua linachoma huku tangu mwaka mpya, majani chai yamekuwa haba, na kituoni tunapeleka vikapu nusu. Ng'ombe wangu mwekundu amezaa ndama jike. Dada yako Sally amepata kazi ya kufundisha Fort Ternan, na kila Jumapili ananipigia kunilalamikia joto la huko kana kwamba ni mimi nililipeleka.

Utashangaa kupata karatasi. Nimekuandikia kwa simu mara nne. Mara mbili ulijibu, halafu ukafuta ulichojibu kabla sijavaa miwani, ikabaki ile alama ya kusema ujumbe umefutwa. Mimi nimefundisha darasa la nne miaka thelathini na sita. Mtoto akifuta jibu kabla sijaliona, najua jibu lilikuwa la namna gani. Kwa hiyo kuanzia leo tutaandikiana kwa kalamu ya wino, upende usipende. Barua zangu nampa Mongina wa duka la parsel hapa Kapkatet, na zako zitapitia kwake.

Jambo lenyewe ni hili. Krismasi uliitoa ukutani ile picha ya Bwana Weatherby, ukaifunga kwa blanketi langu, ukasema unaipeleka Nairobi ikasafishwe moshi, wiki mbili tu. Ukutani pamebaki mraba mweupe. Wageni wakiingia wanauliza kama nimeibiwa. Nawaambia bado sijajua.

Nataka picha yangu irudi kabla ya Pasaka. Blanketi pia.

Ni mimi senge yako,
Mwalimu Janeffer Chepkemboi


Nairobi,
2 Machi 2025

Senge mpendwa,

Chamgei mising. Sisi huku tuko sawa. Mama watoto anakusalimia sana, watoto wanauliza kama yule ndama amepewa jina. Pole kwa goti. Senge, kuandika barua siku hizi ni kama kukamua ng'ombe kwa kijiko, lakini kwa sababu ni wewe nimejaribu, na mkono tayari unaniuma.

Kuhusu picha usiwe na wasiwasi, iko mahali salama kabisa. Ni vizuri hata niliichukua. Kuna kampuni moja hapa ya kuuza vitu vya kale kwa mnada. Jamaa wa hapo aliiangalia na tochi, akasema hiyo ni rangi ya mafuta kamili, na yule mama aliyeichora ana jina kubwa siku hizi. Tena kuna msichana huko Uingereza, kitukuu wa Bwana Weatherby, anaitafuta hii picha miaka mingi. Senge, sijasema tunauza. Nasema tujue tu iko na thamani gani.

Sasa hao watu wanataka kitu kinaitwa historia ya umiliki. Yaani nani aliagiza picha, nani akapewa, nani akairithi, mpaka leo, ndio waone si kitu ya wizi. Mwenye kumbukumbu ni wewe peke yako. Andika ukurasa mmoja tu, uweke sahihi. Usiweke hadithi mingi, wazungu hawapendi.

Wako mtiifu,
Aron


Kapkatet,
15 Machi 2025

Aron,

Chamgei. Goti linakushukuru kwa pole yako. Mvua ilianza kunyesha juzi, na miti ya chai imeamka. Ndama anaitwa Wiki Mbili. Watoto wako wakiuliza sababu, waelezee wewe.

Umetaka historia ya umiliki. Nitaandika, tena nitaweka hadithi, kwa sababu wazungu wenyewe ndio walioianza.

Mwaka wa 1961 baba yangu, babu yako Kimeli arap Bii, alikuwa mpishi wa Bwana Weatherby, meneja wa shamba la chai upande wa Kericho. Kabla ya kuwa mpishi alikuwa kibarua wa kupogoa chai, na huko ndiko kisu kilimkata kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, kikabaki nusu. Weatherby aliona heri amwingize jikoni kuliko kumlipa fidia. Hivyo ndivyo tulivyoingia katika upishi.

Bwana akaagiza picha yake mwenyewe, ya kutundikwa kwenye klabu yao. Akaja mama mmoja mchoraji, mzungu mnene mwenye kofia ya kiume, akakaa wiki mbili. Weatherby aliketi mbele yake asubuhi mbili, za kuchorwa uso. Siku ya tatu akasema kiwanda kinamhitaji. Mama akauliza, na mwili je? Bwana akamwita baba, akamvua aproni, akamvika koti lake, akamketisha kwenye kiti, mikono juu ya magoti. Baba aliketi siku tisa. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikisimama mlango wa jikoni namwona baba yangu amekaa kwenye kiti cha Bwana hafanyi kazi, na hakuna anayemfokea. Chakula siku hizo tisa alipika mama yangu, yaani nyanya yako, ambaye hakuwahi kupika nyama ya kuoka maishani mwake. Weatherby alikula makaa.

Jumamosi ikafika, picha ikafunuliwa klabuni. Baba ndiye aliyekuwa akipitisha glasi. Uso ulikuwa wa Bwana kabisa, mpaka ile pua. Lakini mikono ilikuwa ya baba, ingawa imepakwa weupe, na kidole cha kushoto kilikuwa nusu, maana mama yule alichora alichokiona. Mtu mmoja akauliza, "Weatherby, kidole umekila na chai?" Klabu nzima ikacheka. Bwana akamwamuru mama akimalizie kidole usiku huohuo. Mama akamjibu, "Mimi huchora kilichoketi mbele yangu. Ukitaka vidole kumi ungeketi mwenyewe." Akapanda gari lake akaondoka.

Picha ikatupwa stoo, uso ukutani, pamoja na magunia ya mbolea. Mwaka wa 1963 Weatherby alipofunga virago akampa baba picha ile, na karatasi ya kuthibitisha. Baba akaitundika kwetu. Watu walishangaa. Mzee mmoja wa kanisa kila akiingia aliivulia kofia, na mchungaji alikuja kutuuliza kama tunaiombea au tunaiomba. Baba akiulizwa hivyo alikuwa akisema, "Huyo mwenye uso simjui sana. Mimi natazama mikono."

Baba alikufa 1979. Hakuna picha yake nyingine duniani. Ile ya kitambulisho ilienda na kitambulisho chenyewe kwa chifu, kama sheria inavyotaka mtu akifa. Kwa hiyo sahau habari ya Weatherby. Unachokiita picha ya Weatherby ni mikono ya baba yangu, na mzungu amewekwa juu.

Toka 1979 hadi 1982 kuna pengo. Pengo hilo naliacha kwa heshima ya baba yako. Toka 1982 iko kwangu. Mwaka wa 1998 mchwa walikula fremu, na fundi Mosoti wa Sotik akatengeneza ile unayoijua.

Hapo nimeweka sahihi. Sasa na mimi nina swali moja. Walipoisafisha huko, kidole kiko?

J. Chepkemboi


Nairobi,
30 Mei 2025

Senge mpendwa,

Chamgei. Najua Pasaka ilipita, usikasirike. Mtoto wa pili alikuwa na homa, halafu gari likaharibika, halafu kazi ikawa mingi, halafu kalamu ikaisha wino. Tunasikia huko kumekuwa na mvua ya mawe. Natumaini chai haikupigwa sana.

Historia yako nimepeleka. Nimeipanga vizuri kwa kompyuta, nikapunguza kidogo. Ile maneno ya jikoni na klabu nimetoa. Nimeandika tu kwamba Bwana Weatherby alichorwa 1961 na akatupa zawadi 1963 kwa sababu ya utumishi mwema. Ni fupi na iko na heshima.

Lakini wale watu ni wajanja, walinusa lile pengo. Nikawaambia miaka hiyo ilikuwa kwa baba yangu Mathew, maana kimila kitu cha mzee huenda kwa mtoto wa kiume, na kutoka kwake kwa mtoto wake. Senge, tafadhali usinielewe vibaya. Hakuna mtu anasema wewe si kitu. Wewe kwenye hiyo historia nimekuweka kama mtunzaji. Ni cheo kizuri, hata makumbusho wako nacho.

Kimebaki kitu kimoja tu. Ile karatasi ya Weatherby mwenyewe. Bila hiyo hawaendelei. Nitumie haraka, hata kesho.

Aron


Kapkatet,
8 Juni 2025

Aron,

Chamgei. Mvua ya mawe ilipiga ukingo wa juu tu, Mungu alihurumia. Poleni kwa homa, kwa gari, kwa kazi na kwa wino. Wiki Mbili ameachishwa kunyonya. Yeye hutimiza mambo yake kwa wakati.

Cheo cha mtunzaji nimekipokea. Nimemwonyesha Mongina barua yako, akaniuliza mshahara wake ni kiasi gani.

Sasa kwa vile umeingia mwenyewe katika pengo, ngoja nikuwashie taa. Baba alipokufa, picha ilipelekwa kwa Mathew, kweli kabisa, kimila. Mathew akasema hawezi kula ugali mzungu akimkodolea macho. Mwezi haukuisha akaitoa nje, akaigeuza, akaipigilia misumari ikawa mlango wa banda la ndama. Miaka mitatu, Aron. Nilifika siku ya mvua nikakuta ndama amelamba kona mpaka kitambaa kinaonekana. Nikaenda kwa seremala, nikatengenezesha mlango wa mbao mzuri, nikauleta, tukabadilishana mbele ya wazee wawili. Mathew alifurahi, akasema nimefanya ujinga. Mlango huo uko mpaka leo pale kwenu. Mila inasema cha baba ni cha mtoto wa kiume, na mimi sipingi mila. Nenda ukaurithi mlango.

Na kwa kuwa tunazungumza mila, nikukumbushe yako. Ulipozaliwa tulikutajia majina ya wazee waliotangulia, mmoja mmoja, tukisubiri roho ya mmoja ikubali kurudi. Tulipofika kwa Kimeli ukapiga chafya, ndiyo ishara yenyewe. Mimi ndiye niliyekushika. Nililia kwa furaha, nikasema baba amerudi nyumbani. Siku hizi nafikiri ulikuwa na mafua.

Karatasi ya Weatherby ninayo, ndani ya Biblia, katika kitabu cha Ruthu. Haiondoki hapo mpaka nijibiwe swali la Machi. Kidole kiko? Ndio au la.

J. Chepkemboi


Nairobi,
17 Agosti 2025

Senge,

Chamgei. Watoto wamefunga shule, nyumba ni kelele tupu. Mama watoto anasema asante kwa yale maziwa ya mursik uliyotuma na Sally, tuliyamaliza siku moja.

Sikujua hiyo mambo ya mlango. Baba hakuwahi kuniambia. Tuiache.

Kuhusu kidole, nilikuwa nataka kukuambia ukija Nairobi, ndio uone kwa macho ufurahi. Senge, ile kitu ilikuwa inaharibu picha. Mtu wa kwanza kuiona aliniuliza kama panya walikula. Nikatafuta fundi, amesomea sanaa kabisa, akakimalizia vizuri sana. Ameweka hata ukucha. Huwezi kujua. Waswahili wanasema chanda chema huvikwa pete, sasa kile kibovu kingevikwa nini? Na hii ilifanyika Januari, kabla barua yako ya kwanza haijafika, kwa hiyo hakuna mtu wa kulaumiwa.

Nimejibu. Sasa karatasi tafadhali. Yule msichana wa Uingereza anakuja Oktoba mwenyewe.

Aron


Kapkatet,
20 Agosti 2025

Aron,

Sijambo.

Hii hapa kopi ya karatasi. Mongina ameitoa kwa mashine yake. Isije ikawa mwandiko wa mkono umekushinda kusoma, inasema hivi: "Picha yenye kidole kifupi, pamoja na koti lililomo, nampa mpishi wangu Kimeli. Yeye aliketi siku tisa na mimi niliketi mbili."

Wapelekee.

J. Chepkemboi


Nairobi,
26 Oktoba 2025

Senge,

Chamgei. Sisi ni wazima. Sina habari ingine ya familia.

Nilipeleka karatasi nikifikiri umenisamehe. Wakaisoma. Yule jamaa wa mnada akachukua tochi yake, akahesabu vidole vya kushoto, moja mpaka tano, akahesabu tena. Akaniuliza, "Bwana Kipyegon, kidole kifupi kiko wapi?" Nikasema kimerekebishwa. Akasema basi ama picha si hii, ama karatasi si ya hii picha, ama mimi ni mtu wa kuangaliwa. Senge, aliniambia hivyo mbele ya askari wa mlangoni.

Na hiyo si yote. Msichana alikuwa ameketi hapohapo. Amesafiri kutoka kwao. Kumbe huko kwao hiyo hadithi wanaijua! Nyanya yake alikuwa anawasimulia kila Krismasi jinsi babu yao alichekwa klabuni kwa kidole cha mpishi. Alikuwa hatafuti uso, Senge. Uso wanao kwa mapicha mengi. Alikuwa anatafuta kidole. Alitazama ule ukucha, akatoa leso. Sijui alikuwa anacheka ama analia.

Wamenipa siku tatu niondoe picha kwao. Fundi naye hachukui simu. Nimeifunga kwa lile blanketi lako na kuituma kwa parsel, itafika Ijumaa.

Lakini Senge, ungeniambia. Ungeandika wazi, kwamba hicho kidole ni kitu muhimu hivyo. Mimi ningejuaje?

Aron


Kapkatet,
30 Novemba 2025

Aron,

Chamgei. Mvua ya vuli imenyesha vizuri. Huku wanazozana juu ya mashine za kuchuma chai, wakubwa wanasema mashine haichoki, na akina mama wanauliza kama mashine ina karo ya kulipa. Sally amezoea joto, sasa ananilalamikia mbu. Wiki Mbili ameshakuwa mtamba mzuri. Goti langu ni lilelile.

Picha ilifika. Blanketi limeungua sigara mahali pawili, na wewe huvuti, kwa hiyo hilo nalo sitauliza.

Unasema ningekuambia. Nilikuuliza mara mbili kwa kalamu ya wino. Mwanafunzi wangu akiulizwa swali mara mbili, hujua lina alama. Lakini sawa, nitaandika wazi, maana naona bila hivyo utakufa hujui.

Nilijifunza kuandika jikoni kwa Weatherby, kabla sijaona shule. Baba alikuwa akimwaga unga wa ngano mezani, anausawazisha kwa kiganja, ananishika mkono wangu wa kushoto, ninaoandikia, kutoka nyuma, na tunaandika pamoja. A, E, I. Kile kidole kifupi kilikuwa kinakaa juu ya kidole changu cha shahada, kinakisukuma. Nilikisikia kwa sababu hakikuwa na ukucha, kilikuwa na ngozi ngumu tu. Tukimaliza anakusanya unga, anatengeneza keki, na Bwana anakula alfabeti yangu na chai ya saa kumi. Kila herufi unayoisoma hapa ilitoka kwa kidole kile. Watoto wote niliowafundisha miaka thelathini na sita, nao pia.

Nina miaka sabini na mitatu. Uso wa baba umeanza kunipotea. Nikifumba macho naona kofia, naona koti, lakini pua inakuwa ya Mathew na macho yanakuwa yako. Mikono peke yake ndiyo ilikuwa haijapotea, kwa sababu nilikuwa naitazama kila asubuhi nikinywa chai. Wewe ukamwekea baba yangu ukucha. Ulinifanya nilie, Aron. Nililia siku tatu mwezi wa Agosti, na ndiyo maana barua ile ilikuwa fupi.

Unaona, Weatherby kwa hasira zake zote alitaka kidole kile kimaliziwe, na mzungu mwenzake akamkatalia. Ilibidi tusubiri miaka sitini na minne mjukuu wa Kimeli aje amalize kazi ya Bwana. Chanda chema huvikwa pete, kweli. Kile hakikuwahi kuvaa pete, kilikuwa kazini.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nililaza picha mezani, nikachukua pamba na mafuta ya taa, nikasugua polepole kama mtu anayesafisha yai lililochafuka. Rangi ya fundi wako ilikuwa bado mbichi ndani. Ukucha ulitoka wa kwanza. Kufika saa sita mchana baba alikuwa amerudi, kifupi chake kilekile, kimechakaa kidogo tu pembeni.

Nikaketi nikafikiri. Nikakuona unasikia kwa Sally kwamba kidole kimerudi. Nikakuona unafika hapa na gari la mnada kabla chai haijachemka, umebeba biskuti. Nikasema hapana. Nikamwita Mosoti kutoka Sotik. Siku hizi ni mzee, lakini mkono wake hautetemeki. Nikachukua kisu cha kupogolea, kile cha baba ambacho kilikula nusu ya kidole chake. Nikamwambia Mosoti anyooshe rula kwenye kifungo cha pili cha koti. Akaniuliza, "Mwalimu, una hakika?" Nikamwambia nimekuwa na hakika tangu 1961. Nikakata mwenyewe.

Uso uko ndani ya parsel hii, na fremu mpya. Usihangaike kuutafutia mnunuzi. Sally alinipatia anwani ya yule msichana kwa watu wa mnada, nami nikamwandikia mwanzoni mwa mwezi huu nikamweleza kila kitu, pamoja na jikoni na klabu. Amenijibu kwa mkono wake, kurasa nne, mwandiko safi. Nimemtumia picha ya kidole kwa simu ya Mongina, na nimemwahidi uso wa babu yake bila malipo. Bado yuko Nairobi, atakuja kwako kuuchukua Alhamisi, na anajua kwamba ni zawadi kutoka kwa binti wa mpishi. Mpe kikombe cha chai, na usiongeze neno.

Historia ya umiliki niliyoandika Machi haikuwa imekamilika. Hii ndiyo iliyokamilika. Iweke kwa kompyuta bila kupunguza.

Uso ulikuwa wa Bwana Weatherby, na sasa ni wa kitukuu wake. Mikono ilikuwa ya Kimeli arap Bii, na sasa ni ya binti yake Janeffer, ambaye si mtunzaji. Nikifa itaenda kwa Sally, nimekwisha kuandika, na Mosoti na Mongina wametia sahihi. Mlango wa banda la ndama ulikuwa wa Mathew, na sasa ni wa Aron.

Barua zote ninazo, zako na nakala za zangu, kwenye Biblia palepale kwa Ruthu. Hizi hazifutiki.

Krismasi njoo na watoto. Wanawe mikono, niwaonyeshe ya babu yao mkubwa, na niwamwagie unga mezani yule mdogo ajifunze A. Wewe njoo na bisibisi. Bawaba ya chini ya mlango wako imelegea.

Ni mimi senge yako,
Janeffer Chepkemboi, binti Kimeli